Mgeni Njoo, Mwenyeji Yu Wapi?

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lamu siku hizi mgeni amekuja, tena kwa wingi. Mwenyeji je, amepona?

Suala hili lilinijia nilipolala siku mbili katika jumba la mawe mtaani Mkomani, lililogeuzwa hoteli. Haki isemwe: kazi imefanywa kwa ustadi. Boriti za mkoko zimebadilishwa, kuta zimepakwa chokaa badala ya saruji, zidaka zimerudishiwa nakshi zake. Mafundi ni wa papa hapa, na ujira wao umelisha watoto. Lau si mnunuzi yule, jumba lingekuwa gofu la popo.

Lakini nyumba ya Kiamu si kuta tu. Daka lilikuwa la mazungumzo ya wanaume. Ndani palikuwa pa bibi wa nyumba. Nyumba kati ndipo walipooshewa maiti. Hapo leo pana jokofu la vinywaji. Na dakani, mzee aliyeketi pale tangu utotoni huulizwa na bawabu anamtaka nani.

Nini kilichotutoa? Wengi husema fedha za wageni. Mimi naona ufa ulianza kwetu. Ada ilikuwa baba kumpa binti nyumba aolewapo, na wikio likaunganisha ya mama na ya mwana. Siku hizi mzee hufariki bila kuacha hati wala wakfu. Warithi huwa kumi na watano, kila mmoja na fungu lisilotosha mlango. Hapana anayetengeneza, maana aona atengeneza mali ya wenzake. Mvua ikipenya darini, wote hukubaliana jambo moja: kuuza. Fedha huisha, nyumba hairudi. Wala mirathi haina lawama. Sheria ilituamuru kugawa haki, haikutuamuru kuuza.

Mwaka 2001 UNESCO iliuandika mji huu katika turathi za dunia. Sababu si milango ya nakshi peke yake, bali kwamba ni mji ambao watu wake wangali wakiishi kwa desturi zao. Watu wakihama, kilichoandikwa kitabaki jina.

Basi tufanyeje? Kwanza, tukodishe, tusiuze. Katiba ya 2010 yenyewe haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa kukodi, tena isizidi miaka 99. Kwa nini sisi tusikodishe kwa miaka 10 au 15, mpangaji akatengeneza nyumba kama sehemu ya kodi, kisha ikarudi kwa warithi ikiwa nzima? Pili, mwenye nyumba aweke wakfu kwa kizazi chake angali hai, mbele ya kadhi na mashahidi.

Enyi wazee ambao majumba yenu yangali yamesimama, waiteni wanenu mkae nao kitako kabla ya masika. Dalali hasubiri arobaini ya marehemu.