Moba Imo, Mbala Haimo
Fundi mwashi wa Kaoze, Rukwa, anayetafuta kibarua nje ya nchi ataona jirani yake ni Mbala, Zambia: apande mlima hadi Sumbawanga, apite Matai, avukie Kasesya. Mikataba inamwelekeza kwingine. Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo, iliyojiunga mwaka 2022, imo, hivyo Moba, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ndiyo "jirani" wa kwenye makaratasi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya hiyo, inayotumika tangu Julai 2010, inataka mwenye mkataba unaozidi siku 90 apewe kibali cha kazi ndani ya siku 30, cha hadi miaka 2. Vizuri, ila nchi zilichagua kada za kufungulia mlango wageni, na orodha yetu sisi Tanzania imeegemea wataalamu na mafundi sanifu. Ya Kongo ikifanana na hiyo, mwashi asiye na cheti asahau. Kule Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC), tuliko pamoja na Zambia, itifaki ya 2005 ya watu kuvuka mipaka ilikaa miaka mingi bila kuridhiwa na nchi za kutosha. Waheshimiwa wabunge wa Rukwa, Kasesya iko mkoani kwenu, iulizieni itifaki hiyo.