Habari Isianzie kwenye Cheo

"Wito umetolewa kwa wananchi..." Msikilizaji wa redio nchini Tanzania anaijua sentensi hii kama anavyoijua njia ya kwao. Dada yake ni "imeelezwa kuwa", na kaka yao mkubwa ni ile inayotaja mkuu wa wilaya, jina lake, mahali alipozungumza na hafla aliyoalikwa, ndipo kitenzi kifike. Kikifika, mwenye redio ameshakwenda kuepua maharage.

Nimeziandika nyingi hizo nilipokuwa kijana katika chumba cha habari, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole. Zina usalama wake. Sikumbuki mkubwa aliyepiga simu kulalamika kwamba jina lake limetangulia.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya habari zinazoandikwa ili zisikilizwe. Msomaji wa gazeti asipoelewa hurudi mstari wa juu. Sikio halina pa kurudi. Bibi zetu walilijua hilo. Ukishaitikia "pakawa" hupewi orodha ya wahusika, unapewa mtu mmoja na jambo lililomfika. Tuseme kisima kimezinduliwa kijijini. Anza na mama aliyekuwa akiamka saa tisa usiku kufuata maji. Mkuu wa wilaya aliyekata utepe aje sentensi ya tatu, hatapungukiwa kitu. Shilingi 347,850,000 zisomwe "karibu shilingi milioni 350". Na kama kinasa sauti kimeshika mlio wa pampu, uache usikike kidogo kabla hujafungua mdomo.

Ila naachana na wenzangu wanaosema habari ni hadithi tu. Hadithi huficha mwisho, na habari ya msiba haina ruhusa hiyo. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, kulikuwa na watu waliotega sikio redioni wakitaka kujua kama ndugu zao walikuwa wamepanda. Kumwanzia mtu huyo na jua la alasiri juu ya Ziwa Victoria ni ukatili. Aambiwe kwanza ni kivuko gani, kimepindukia wapi, waliothibitishwa kufa ni wangapi, waliookolewa ni wangapi. Mapambo yasubiri.

Siku mbili baadaye mambo yalibadilika. Waokoaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai ndani ya kivuko kile kile. Hapo masimulizi yalipata haki yake: mtu mmoja, siku mbili ndani ya chombo kilicholala kifudifudi majini. Kupitia kwake msikilizaji aliweza kuibeba ile hesabu nzito, ya chombo cha abiria 100 kilichoua watu zaidi ya 220. (Na usimtilie mdomoni neno ambalo hakulisema, hata kama lingependeza.)

Makala zilizomo humu zimeandikwa na watu wanaokaa mbele ya kipaza sauti kila siku, na baadhi yao hawakubaliani nami hata kidogo. Kabla hujazisoma, nakuomba jambo moja. Leo saa mbili usiku fungua redio, chukua kalamu, uhesabu ni habari ngapi zinaanza na cheo. Kisha tuandikie.