Kumpenda Ndumilakuwili si kumbandika selotepu

Test zimeisha, bumu bado, na leo sitaki kuongelea kimojawapo. Nataka tuongee kuhusu magazeti ya katuni, hasa yale ya zamani ambayo wengi wetu tumeyakuta kwa wajomba na baba wadogo.

Mimi ninayo 31, mengi ni Sani za miaka ya 1980 na 1990, niliachiwa na mjomba. Tangu watu wa bwenini wajue, kila wiki kuna anayeniletea la kwao nilione. Nashukuru sana. Lakini jamani, ninayoyaona! Kurasa za ndani nzima, Lodi Lofa bado yupo na vituko vyake, ila jalada limekwisha. Au halipo kabisa.

Msimamo wangu ni huu: majalada mengi hayaui uzee. Tunayaua sisi, kwa namna tunavyosoma na namna tunavyo"tengeneza".

Tuanze na kusoma. Gazeti la katuni limeshikwa na pini mgongoni, basi. Mtu yuko kwenye daladala, analikunja jalada mpaka nyuma ili alishike kwa mkono mmoja. Hapo nguvu yote inaangukia kwenye zile pini. Rangi inapasuka vimistari, siku nyingine karatasi inachanika kuzunguka pini, mwisho jalada linaachia. Na ukiliviringisha ukalitia mfuko wa nyuma wa suruali, ndo basi tena. Lilaze mezani, usilifungue mpaka mwisho, na nawa mikono kama umetoka kula mihogo ya kukaanga.

Sasa mafundi. Selotepu inaonekana msaada kwa miaka michache tu. Baadaye gundi inageuka njano na kuzama ndani ya karatasi, na ukiibandua inaondoka na wino. Laminesheni ndo kabisa! Inayeyushwa kwa moto juu ya karatasi na haitoki tena. Nimeletewa jalada lililong'olewa pini, likapigwa laminesheni, kingo zikakatwa zilingane. Mwenyewe alilipa hela kwa hilo, tena kwa mapenzi.

Kinachofaa ni rahisi. Kila gazeti liingie kwenye mfuko wake angavu wa polyester au polypropylene. Usitumie ile PVC laini yenye harufu kali, maana inaachia kemikali na inaweza kugandana na wino. Nyuma weka kitu kigumu kisicho na asidi. Usikate boksi la kawaida, litaacha doa la kahawia. Karatasi nyingi za fotokopi za siku hizi hazina asidi, kwa hiyo chache zikipangwa pamoja zinasaidia. Kisha yasimamishe kwenye boksi, yashikane bila kubanana, kwa sababu yakiinama mgongo unapinda.

Chini ya godoro hapana. Dirishani hapana pia: karatasi ya gazeti ina lignini, na mwanga unaigeuza njano upesi. Na hapa Dar adui mkubwa ni unyevu. Hewa ikipita kama asilimia 65 na kukaa hivyo, ukungu unapata nafasi na pini zinashika kutu. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, usivitupe. Viweke ndani ya boksi, ila uvibadilishe, maana navyo vinashiba maji.

Mwenzangu wa chumba anasema najifanya Mmarekani. Anasema kule kuna sababu: Action Comics namba 1 ya mwaka 1938 iliuzwa senti 10, na mwaka 2024 nakala moja ilinunuliwa kwa dola milioni 6. Huko jalada zima ni pesa. "Sani yako nani atakupa hata laki?"

Labda hakuna. Lakini Action Comics ile imeshachapwa upya mara nyingi, nakala moja ikioza hadithi inabaki. Hizi za mjomba sijawahi kuziona zikichapwa tena. Na kwenye nakala zangu, tarehe na bei vipo jaladani. Hapo ndipo unajua utani fulani wa kisiasa ulichorwa kabla au baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992. Jalada likipotea, gazeti linakuwa halina umri. Kesho mtu akitaka kuandika tasnifu kuhusu walichokuwa wanacheka watu wa Dar enzi za Mzee Mwinyi, atashika nini?

Sisemi tuyafungie. Katuni ni ya kusomwa, na mimi naazimisha. Masharti mawili tu: linasomewa mezani, na likichanika unaniletea na kipande chake, bila selotepu.

Haya, narudi kwenye madesa. Wikiendi mkienda nyumbani, chungulieni juu ya makabati.