Pombe Iliyozaliwa na Marufuku

Mpwa wangu mmoja yuko Antwerp, nchi ya Ubelgiji, na riziki yake aipata katika ghala la vinywaji, kupakia na kupakua kreti tangu alfajiri hadi adhuhuri. Mwezi uliopita aliniletea kwa simu picha ya chupa fupi, nene, yenye maandishi mekundu, na chini yake ameandika: "Mjomba, hawa watu pombe yao wameiita Shetani, na wameipanga kwenye rafu kama maziwa. Nieleze. Na hizi nyingine zenye picha za makanisa, ni kweli zatengenezwa na watu wa dini?" Aliuliza na swali la tatu, nalo lilikuwa zito kuliko hayo mawili. Nitalifikia.

Najua baadhi ya wasomaji watanuna. Ukurasa wa utamaduni, na mwandishi aliyekalia mkeka wa chuoni mpaka akahitimu, leo yuaeleza habari za pombe! Mimi sijaionja, wala sitaionja, inshallah. Ladha nitakazozitaja ni za kupokea kwa walioonja wakaandika. Lakini asiyekijua kitu anachokatazwa ndiye mwepesi wa kudanganywa nacho, na vijana wetu wengi siku hizi, walio Ulaya na walio katika mahoteli ya hapa Pwani, wanaishi nacho bega kwa bega.

Nianze na huyo Shetani. Kiwanda cha familia ya Moortgat, kilichoanza mwaka 1871 na ambacho kiko Breendonk, baada ya Vita Kuu vya Kwanza kilitengeneza bia kali ya kusherehekea ushindi, kikaiita kwa Kiingereza Victory Ale. Hamira yake ilifuatwa mpaka Uskoti. Yasimuliwa kwamba mwaka 1923 walikaa watu kuionja, na mshona viatu mmoja alipopiga funda akasema hii ni shetani hasa. Jina likanata: Duvel, kwa lahaja ya Kiflemi ya pale. Ina kileo asilimia 8.5, ilhali bia ya kawaida ina 4 au 5. Suratul Maida yatufundisha kuwa ulevi ni katika kazi za Shetani. Yule fundi wa viatu hakuisoma Maida, lakini kwa funda moja tu akafika karibu na palepale. Tofauti ni kuwa wenziwe walicheka, wakaandika jina juu ya chupa, wakauza.

Ama sababu ya bia hizi kuwa kali hivyo, sehemu kubwa yake ni sheria ya kuzuia ulevi, na hapa ndipo nilipoona habari hii yatuhusu.

Kabla ya vita, wafanyakazi wa migodi na viwanda vya Ubelgiji walikuwa wakimalizwa na jenever, pombe ya nafaka ya kukeneka, rahisi na kali. Mshahara ulikuwa ukiishia baa kabla haujafika nyumbani. Emile Vandervelde, msoshalisti aliyekuwa Waziri wa Sheria, alipitisha sheria ya tarehe 29 Agosti 1919: baa zisiuze kabisa pombe za kukeneka, na duka lisimuuzie mtu chini ya lita mbili kwa mara moja. Hizo lita mbili zilikuwa na hila ndani yake. Tajiri angeweza kuzinunua. Kibarua hakuwa na fedha za lita mbili mkononi.

Sheria haikushindwa, nami sitaki msomaji afikiri hivyo. Jenever ilipungua kweli. Lakini mnywaji aliyezoea kitu cha kumchoma koo alibaki amekaa pale pale kwenye kiti chake, na baa ilikuwa na ruhusa ya kumuuzia bia, tena bia yenye nguvu yoyote. Wenye viwanda waliliona pengo hilo. Isitoshe Wajerumani katika miaka ya vita walikuwa wamechukua mitambo ya shaba ya kupikia, na viwanda vingi vilikufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 nchi hiyo ndogo ilikuwa na viwanda zaidi ya 3,000. Vilivyobaki vilihitaji kitu cha kuvitofautisha na bia nyepesi za viwanda vikubwa, na kitu hicho kikawa ukali. Sheria ya Vandervelde ilidumu mpaka mwishoni mwa mwaka 1983. Kwa zaidi ya miaka sitini marufuku ililea kile ambacho leo dunia yakiita fahari ya Ubelgiji.

Aliyepita chuoni hawezi kuisoma habari hii asikumbuke jinsi ulevi ulivyokatazwa katika dini yetu. Kwanza katika Baqara watu walielezwa kuwa ndani yake mna dhambi kubwa na mna manufaa, wapime. Kisha katika Nisaa wakazuiwa wasiikaribie sala wakiwa wamelewa, na kwa mtu wa sala tano saa za kunywa zikawa chache mno. Mwisho ndipo ikateremka Maida ikafunga mlango. Mioyo ilitangulizwa, zikafuata saa, mtungi ukaja mwisho. Vandervelde alianza na mtungi, tena mtungi wa namna moja.

Na sisi Kenya? Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1980, ikanywewa miaka thelathini kwa siri na watu wakapofuka na kufa, kisha sheria ya 2010 ikairuhusu kwa masharti, na vifo havikukoma. Julai 2025 serikali imetoa sera mpya, na moja katika mapendekezo yake ni umri wa kunywa kupandishwa kutoka miaka 18 hadi 21. Sina la kuipinga. Ila naliuliza lile ambalo Vandervelde hakuulizwa: huyo wa miaka kumi na tisa aliyetolewa baa atakwenda kukaa wapi? Sisi wa Pwani hatuhitaji kusafiri mpaka Ubelgiji kupata jibu. Tunao vijana waliolelewa katika nyumba ambazo chupa ya pombe haijapata kuingia, wakaiogopa bia kwa macho ya watu, na leo wako vichochoroni na unga. Mlango mmoja ulifungwa barabara. Hakuna aliyeangalia dirisha.

Basi nirudi kwenye ladha, maana nimeahidi, na hapa pana ajabu yake.

Wataalamu wa bia hizi husema wasikiapo harufu yake hupata karafuu na ndizi mbivu, na hali ndani ya chupa hamna punje ya karafuu wala ganda la ndizi. Pemba haikuhusika. Ni hamira ifanyayo kazi hiyo: hamira za Kibelgiji huachwa ziumuke katika joto zaidi kuliko zile za bia nyepesi, na katika kuumuka huko huzaa zenyewe vitu vyenye harufu hizo. Na hili neno hamira tunalolitia kwenye unga wa mahamri kila asubuhi, asili yake ya Kiarabu ni moja na khamri. Shina ni lile lile la kufunika: unga hufunikwa ukaumuka, akili hufunikwa ikapotea, na khimari ya mwanamke nayo humo imetoka. Mwalimu wangu wa chuoni alitufundisha hilo huku akila mahamri.

Baada ya hamira ni sukari. Hutia sukari ya kiazisukari, na katika bia nyeusi huipika kwanza mpaka ikawa ya rangi ya kahawa. Humo ndimo zitokamo ladha za zabibu kavu, tini, na halua iliyoshika chini ya sufuria. Sukari huongeza ukali bila kuifanya bia kuwa nzito, na ndiyo maana ya balaa lake: hunyweka kama kitu chepesi. Wengine hutia mbegu za giligilani na maganda ya machungwa, yaani vikolezo ambavyo mama zetu wangevijua kwa kunusa. Wakati wa kujaza chupa huongezwa tena sukari kidogo na hamira, kinywaji kikaendelea kuumuka ndani ya chupa kwa miezi, hata miaka, na masimbi hubaki chini.

Sasa hao watu wa dini. Ndiyo, mpwa wangu, ni kweli, japo si kwa kila chupa yenye picha ya kanisa. Watrapisti ni watawa wa Kikatoliki ambao asili yao ni nyumba ya La Trappe, Ufaransa. Kanuni yao ya kale yawataka wale kwa jasho la mikono yao wenyewe, na wengi waishi kwa kimya na sala tangu usiku wa manane. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwafukuza, baadhi wakafika Westmalle mwaka 1794, na mwaka 1836 bia yao ya kwanza ikawekwa mezani. Mwaka 1934 wakatoa ile waiitayo Tripel, asilimia 9.5, iliyoigwa kila mahali. Wako wa Chimay, wa Orval, wa Rochefort ambao bia yao kali kabisa yafika 11.3, na wa Westvleteren, ambao mwaka 2005 bia yao ilipotajwa katika mashindano ya wanywaji kuwa bora duniani magari yalipanga foleni langoni mpaka wakaudhika. Hawakuongeza hata pipa. Walisema wao hupika ili wapate kuwa watawa, wala hawakuwa watawa ili wapike.

Jambo moja lilinifanya nitabasamu. Wao wenyewe mezani kwao aghalabu hunywa iliyo nyepesi, ya asilimia 5 au pungufu. Ile kali ni ya wateja.

Mwaka 1997 nyumba hizi ziliunda jumuiya ya kulinda jina lao. Masharti ni matatu: bia ipikwe ndani ya kuta za watawa, watawa waisimamie, na faida iende kwenye mahitaji ya nyumba na kwa wenye shida, isiende kwa wenye hisa. Aliyetimiza hupewa nembo ya pembe sita. Nyingine nyingi zenye picha za watawa wanene wenye mashavu mekundu ni za makampuni, na Leffe ni ya kampuni kubwa kabisa ya bia duniani. Watawa wa Rochefort wamepigana miaka mingi mahakamani na wachimba mawe waliotaka kuigusa chemchemi yao, na mwaka 2021 mahakama ikawalinda. Maji wameyaokoa. Vijana wa kuwarithi ndio wasiopatikana. Nyumba ya Achel ilipoteza nembo mwaka huo huo wa 2021, si kwa kuharibika bia, mapishi ni yale yale, ila hakubaki mtawa wa kukaa pale. Mwaka 2023 ikauzwa kwa mfanyabiashara. Wenzao wa Spencer, Marekani, walifunga kiwanda mwaka 2022.

Na hayo yametokea baada ya UNESCO, katika mkutano wake wa Addis Ababa mwaka 2016, kuuandika utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu, mwaka mmoja tu baada ya kuiandika kahawa ya Kiarabu ya Oman na jirani zake. Orodha haikumleta mtawa hata mmoja Achel.

Limebaki swali la tatu. Mpwa wangu aliuliza: "Na mimi ninayezibeba, nahesabiwa vipi?"

Sikumpamba kwa maneno. Nilimtajia hadithi iliyowataja watu kumi katika mambo ya pombe, na mchukuzi akiwa mmoja wao. Nikamwambia pia kwamba wako maulamaa wazungumzao juu ya dharura na mipaka yake, na kwamba hilo si la mwandishi wa gazeti kulikata. Aende akamwone imamu wa msikiti wake, ambao umejengwa na Wamorocco, watoto wa wale walioletwa kuchimba makaa kwa mkataba wa mwaka 1964, na bila shaka walishauliza swali hilo kabla yake.

Alijibu juzi. Imamu amempa mwezi mmoja na anwani ya ghala la unga na sukari, ng'ambo ya bandari. Mshahara ni pungufu, na kodi ya chumba hulipwa tarehe mosi.