Kikwembe na wababu: tusidanganye watoto

Kila mwaka, tarehe 8 ya mwezi wa tatu ikikaribia, wamama wa Bukavu wanaombwa kununua kikwembe kipya cha siku ya wanawake. Kwa harusi ya desturi ni vilevile. Na hakukosi mkubwa mmoja wa kusimama na kusema: "Hii ndiyo nguo ya wababu wetu."

Hapana, ndugu. Wababu wa Bushi walivaa ngozi na magome ya miti yaliyopondwa. Maua ya wax yametokana na batiki ya Java, kule Indonesia. Waholanzi waliiga ufundi ule kwa mashine, na kampuni ya Vlisco iko Helmond tangu 1846. Mtoto wa masomo tukimdanganya hapa, atatuamini wapi?

Lakini wale wanaojibu "basi tukitupe, ni kitu cha wazungu," nao wanapotea. Tuangalie Wakuba wa Kasai, ambao wanaume wao wanafuma rafia na wanawake wanaitarizi. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme wao pikipiki. Yeye hakushangaa pikipiki. Alipenda alama za matairi kwenye mchanga. Akaamuru zichorwe, na mchoro ule ukapewa jina lake. Nani leo atasema mchoro huo si wa Wakuba?

Njo kusema, mchoro unakuwa wetu tukiupa jina na kulishika. Kiwanda kinatoa namba. Wamama wa soko, toka Lomé mpaka Kinshasa, ndio wanabatiza kikwembe, na jina likipendeza, kinauzika. Kazi hiyo ni ya akili, ila hakuna mshahara wake.

Sasa sisi tunafanya nini? Kikwembe cha sikukuu tunakijaza nembo na maneno ya mkutano, na mwaka ukiisha kinakuwa cha kubebea mtoto mgongoni. Wakati huohuo michoro ya vitunga na mikeka, ambayo koko anaijua kwa majina, inakufa naye bila mtu kuandika.

Kwa hiyo tunaomba vyama vyote, na chetu cha kwanza: mbele ya kuagiza kikwembe kingine, tumeni vijana wawili na daftari kwa wakoko. Waandike jina la kila mchoro, na maana yake. Kisha tuchague mmoja, tuuchapishe, na jina lake liandikwe pembeni ya kitambaa.