Kifungo cha Nje Kinahitaji Jumuiya Iliyo Tayari Kupokea

Kila Kwaresima parokia zetu nyingi hukusanya sabuni, mafuta na nguo na kuzipeleka gerezani. Ni tendo jema la huruma, tusiliache. Lakini tujiulize: je, kila tunayemkuta mle ndani ilikuwa lazima awe mle ndani?

Sheria yetu ya Tanzania inajibu kwamba si lazima. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inairuhusu mahakama kumpa mkosaji adhabu ya kufanya kazi za jamii bila malipo badala ya kumpeleka gerezani. Inahusu makosa ambayo adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 3, au pale ambapo mahakama yenyewe inaona kifungo kinachostahili hakivuki miaka hiyo. Majirani zetu wa Kenya wana sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1998. Mitaani adhabu hii tunaiita kifungo cha nje.

Kifungo cha nje si msamaha. Mkosaji hulala nyumbani kwake, lakini kwa saa alizopangiwa hufanya kazi chini ya msimamizi: kusafisha zahanati, kukarabati shule, kupanda miti. Akikaidi, anarudishwa mahakamani na anaweza kuishia gerezani.

Kabla hakimu hajaamua, afisa wa uangalizi hufanya uchunguzi. Huenda nyumbani kwa mshtakiwa, huzungumza na ndugu, majirani na viongozi wa mtaa au kijiji. Hapo ndipo jambo hili linapotufikia, kwa sababu majirani hao ni sisi. Mara ngapi jibu letu limekuwa, “Mpelekeni tu, mtaa upumzike”? Tukisema hivyo, tunamfungia mlango ambao sheria ilikuwa imeuacha wazi.

Tufikirie kijana aliyeiba mkungu wa ndizi, akatozwa faini, akashindwa kulipa. Mwenzake mwenye pesa angelipa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Huyu anafungwa miezi 6 kwa sababu ya ufukara wake kuliko kwa sababu ya ndizi. Kama ana watoto, wanakosa mlezi. Kama alikuwa kibarua, kazi imekwenda. Serikali inamlisha kwa kodi zetu, naye analala pamoja na waliozoea uhalifu mkubwa. Mwenye shamba hapati hata ndizi moja. Akitoka, tunamwita mfungwa maisha yake yote. Kwa hesabu hiyo, nani amefaidika?

Imani yetu inatupa njia nyingine ya kuitazama adhabu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba adhabu hurekebisha uharibifu uliotokea na hulinda watu, na kwamba kadiri inavyowezekana inapaswa kumsaidia mkosaji kubadilika. Katika Kitubio, baada ya kuungama tunapewa malipizi, na malipizi hayo tunayatimiza katikati ya watu tunaoishi nao. Zakayo hakufungwa. Alirudisha mara nne kwa aliowadhulumu, na alifanya hivyo katika mji uleule uliomchukia. Katika Kanisa la kale la Roma, waliofanya toba ya hadharani walipokelewa tena siku ya Alhamisi Kuu, jumuiya ikishuhudia. Toba ya mmoja ilidai utayari wa wengi.

Wapo watakaosema kwamba tunawabembeleza wezi, na kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Hoja hiyo ina uzito. Aliyebaka au aliyevamia nyumba kwa silaha si wa kifungo cha nje, na sisi hatuombi hivyo. Tena aliyeibiwa asisahaulike. Mahakama ina uwezo wa kuamuru fidia, na mwenye shamba anastahili kusikilizwa kabla ya mtu yeyote kuzungumzia huruma. Huruma inayompita aliyeumizwa ni dhuluma ya pili. Lakini mwana kulia si lazima iwe gerezani. Kufagia zahanati mbele ya wanaokufahamu kunauma, tena kunafundisha.

Basi tufanye nini? Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinajua nani ni nani. Afisa wa uangalizi akifika, zimweleze ukweli wote, ubaya wa mtu na uzuri wake. Anayetumikia kifungo cha nje aalikwe kwenye sala za Jumuiya kama jirani mwingine yeyote, bila kunyooshewa kidole. Waamini wenye ufundi, kama mafundi seremala na waashi, wajitolee kumfundisha kazi ili adhabu ikiisha awe na cha kushika mkononi.

Nasi waseminari, tunaokwenda magerezani kwa utume, tufahamu pia ofisi za huduma za uangalizi katika wilaya tunazotumwa. Siku moja tutaulizwa na mama mwenye kijana mahakamani afanye nini. Tukimjibu kwamba tutamwombea tu, ilhali sheria ina njia nyingine, tutakuwa tumempunja.

Tarehe 26 Desemba 2024, Baba Mtakatifu Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu ndani ya gereza la Rebibbia, Roma. Kwa wengi wa ndugu zetu, mlango unaosubiri kufunguliwa uko karibu zaidi: ni wa Jumuiya yetu wenyewe.