Muziki bila mupinzani hauwezi kumushika muchezaji

Ingia jioni ndani ya nyumba yoyote ya PlayStation, iwe hapa Shabunda centre, iwe Bukavu upande wa Kadutu, mambo ni karibu yale yale. Wawili wameshika manette, wengine wamesimama nyuma yao wanapiga makelele, na kwenye televizyo ni mupira. Groupe inanguruma inje. Mwenye kushindwa anasimama, mwenye kushinda anabaki, na ule anayengoja anatoa franka zake.

Sasa tuseme mwenye nyumba aondoe mupira, aweke muchezo wa namna ingine. Hakuna goli, hakuna bunduki, hakuna motokari. Kwenye kioo kuna ngoma, besi, piano na gitaa, na kazi yako ni moja: kutengeneza muziki. Wale vijana watakaa muda gani?

Mimi najibu: wengi hawatapitisha dakika kumi. Nasema hivyo hata kama ni mumoja wa wale wanaotaka michezo hiyo ifike huku kwetu. Lakini kati yao kuna mumoja ao wawili watakaobaki, na ni juu yao njo ninaandika leo.

Kuna wazee watakaosema haya ni mambo ya watoto. Hapana. Feza inayolipa zile match inatoka wapi? Inatoka kwa baba aliye ndani ya shimo, ao kwa kijana mwenyewe aliyeshinda mchana kutwa anabeba mifuko ya cassitérite mugongoni. Tuko na haki ya kuuliza kama ile feza inaweza siku moja kuzaa kitu zaidi ya makelele.

Kwanza tutenganishe vitu viwili, ju watu wanavichanganya. Kuna muchezo wa kufuata muziki, na kuna muchezo wa kutengeneza muziki.

Wa kufuata ni kama Guitar Hero, iliyotoka mwaka wa 2005. Unashika gitaa ya plastiki, alama za rangi zinashuka kwenye kioo, na wewe unabonyeza kwa wakati wake. Ukikosa unapoteza. Ukikosa sana, watu wa ndani ya muchezo wanakuzomea na wimbo unakatika. Kwenye telefone tunajua ndugu zake wadogo, ile michezo ya kugusa vigae vya piano kabla havijapita. Wachezaji wakali walipenda Guitar Hero sana: sehemu yake ya tatu, ya mwaka wa 2007, iliingiza zaidi ya dola miliare moja. Kisha watu wakachoka, na mwaka wa 2011 kampuni ya Activision ikafunga ile kazi.

Wa kutengeneza ni jambo lingine. Mwaka wa 1992 Nintendo ilitoa Mario Paint. Ilikuwa zaidi ya kuchora, lakini ndani yake kulikuwa sehemu ya kupanga sauti. Mwaka wa 1998 PlayStation ya kwanza ikapata Music, na mwaka uliofuata Music 2000. Hapo hakuna adui na hakuna ngazi ya kupanda. Unachukua kipande cha ngoma, unakiweka. Unachukua besi, unaipanga chini yake. Unasikiliza, unabadilisha, unasikiliza tena. Ukimaliza, hakuna anayekuambia umeshinda. Mwaka wa 2008 Nintendo ilijaribu tena na Wii Music: vyombo zaidi ya 60, na mutu hawezi kushindwa hata apige vibaya namna gani. Wachezaji waliozoea michezo migumu hawakufurahi. Kwao, pasipo kushindwa hapana pia kushinda.

Mwenye kufanya kazi kwenye carré minier ataelewa jambo hili mbio kuliko mwalimu. Creuseur anavumilia maji, giza na maumivu ya mugongo kwa sababu mwishoni kuna mizani. Négociant anaweka mali juu yake, na kila mutu anaona. Hata kama mizani ile imepindishwa kidogo, na wote tunajua inapindishwa, walau mutu anajua kama siku ilikuwa nzuri ao mbaya. Ondoa mizani, umwambie achimbe tu kwa furaha ya kuchimba. Atatupa nyundo na kurudi nyumbani.

Muchezaji wa kweli ni vile vile. Yeye hachezi kwa kupitisha wakati tu. Anataka kujua yeye ni nani mbele ya mwenzake. Mupira unamujibu: tatu kwa moja, simama. Muchezo wa kutengeneza muziki unamuachia kitu kizuri mikononi na haumwambii ni kizuri. Hiyo njo sababu anauacha. Asiitwe muvivu, wala asiambiwe hana akili ya muziki.

Lakini habari haiishi hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye mitaa ya watu wa kipato kidogo kule London, kulikuwa vijana wenye PlayStation nyumbani lakini wasio na feza ya kulipa studio. Walichukua Music 2000, muchezo wa kununua dukani kama mwingine wowote, wakatengeneza nayo midundo. Kati yao kulikuwa Skepta na ndugu yake JME, wa Tottenham, watoto wa wazazi waliotoka Nigeria. Kwa mikono ya vijana wa namna hiyo njo ulizaliwa muziki unaoitwa grime. Mwaka wa 2016 Skepta alipewa Mercury Prize, moja ya zawadi kubwa za muziki kule Uingereza.

Kwa nini wao hawakuacha kisha dakika kumi? Mimi naona ni ju walipata mizani inje ya muchezo. Grime ilikomaa kwa mashindano. MC mumoja anasimama mbele ya mwingine, kwenye redio zisizokuwa na ruhusa ya serikali, kila mumoja anatafuta maneno na mudundo wa kumunyamazisha mwenzake. Kijana aliyekuwa anapanga ngoma usiku kwenye chumba chake alijua kuna watu watakaosikia na kuhukumu. Muchezo haukumupa mupinzani. Mutaa njo ulimupa.

Tusogee karibu na kwetu. Dar es Salaam, vijana wa singeli wanatengeneza muziki kwa ordinatere za kawaida, mwendo wa mbio sana, mapigo yanaweza kupita 200 kwa dakika moja. Studio moja ya Mburahati, Sisso Studios, ilijulikana mbali: mwaka wa 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mukusanyo wa nyimbo zao, Sounds of Sisso, na kisha singeli ikachezwa mupaka Ulaya. Mizani yao ya kwanza ilikuwa nini? Ni sherehe za mutaani. Watu wakisimama bila kucheza, mudundo umeanguka. Wakiruka, umepita. Hakuna mashine inayoweza kuhesabu vizuri kuliko hapo.

Kuna jambo lingine ambalo vijana wa studio wangependa kujua. FL Studio, ile programu ambayo wengi bado wanaita Fruity, inatoka Ubelgiji, kwa kampuni Image-Line. Kampuni hiyo ilianza kwa michezo ya ordinatere, na mutu aliyetengeneza FruityLoops mwisho wa miaka ya 1990, Didier Dambrin, alikuwa mutengenezaji wa michezo. Mwangalie namna ile programu ilivyo: mistari ya vidude, unawasha kimoja, ngoma inalia, unawasha cha pili, mudundo unaanza kutembea. Mukono wa mutu wa michezo unaonekana pale. Basi ukuta kati ya mwenye manette na mwenye studio si murefu sawa vile tunafikiri.

Sisi watu wa Urega hatuhitaji mugeni aje kutufundisha kwamba muziki unataka watu. Ndani ya bwami mafundisho yalipitia kwenye nyimbo, ngoma, michezo ya mwili na methali, na siku zote kulikuwa mwenye kutoa na wenye kupokea. Muziki wa mutu mumoja aliyefungiwa chumbani na mashine, bila wa kumwitikia, ni kitu kigeni kwetu. Kijana akiuacha, tusishangae.

Na kuna haki moja ambayo haisemwi mara nyingi. Ndani ya ile PlayStation na ndani ya telefone yako kuna vitu vinavyotoka kwenye mashimo kama haya yetu. Coltan inatoa tantale, inayotengeneza vidude vidogo vya kutunza umeme. Cassitérite inatoa étain, inayoshikanisha vipande. Dhahabu inapakwa pale umeme unapopitia. Wakubwa wanakumbuka mwaka wa 2000: bei ya coltan ilipanda kama moshi, na mwaka uliofuata ikaanguka. Ilikuwa mwaka ule ule PlayStation 2 ilitoka, na huko inje watu wengi walifunga hayo mawili kwa kamba moja. Mimi sisemi PlayStation peke yake njo ilipandisha bei, ju telefone na ordinatere nazo zilikuwa zinaongezeka dunia nzima. Nasema tu hivi: madini inatoka hapa kwa mufuko, inarudi ikiwa mashine, na sisi tunailipa mara ya pili, match kwa match. Mashine hiyo hiyo inaweza kutengeneza kitu. Itakuwa huzuni kama sisi tuliochimba matumbo yake tutabaki wa kubonyeza tu.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mwenye nyumba ya michezo asiondoe mupira. Akiuondoa atafunga mulango kisha wiki moja. Atenge saa mbili za dimanche kisha misa, basi. Aweke vijana wawili, kila mumoja na telefone yake ao ordinatere, awape sauti zile zile na dakika 30. Kisha azime televizyo, afungue sono, watu wasikie wa kwanza, wasikie wa pili, wapige mikono. Mwenye kushinda anabaki, mwenye kushindwa anasimama. Kanuni ni ile ile wanayoijua. Hapo njo muchezaji mukali atakaa, ju sasa kuna mutu wa kushinda.

Pili, tusingoje vyombo vya bei. Telefone ya Android inatosha kwa kuanza. FL Studio Mobile ni ya kulipa, lakini ziko programu za bure kama BandLab na Walk Band. Mutu mwenye safari ya Bukavu azipakue kule kwenye intaneti nzuri, azijaribu, ndipo arudi. Panneau ya jua itafanya kazi iliyobaki.

Tatu, na hili nawaambia baba na mama: musigeuze muchezo huu kuwa dawa. Mutoto akisikia "acha mupira, shika hii, hii ni ya akili", ameisha kuuchukia. Kijana aliyetoka kwenye shimo na mikono yake imechubuka iko na haki ya kupiga mupira wake na kucheka. Mupumziko pia ni kitu. Anayetaka abaki, asiyetaka aende.

Najua atatokea mutu wa kusema: "Muziki haulishe mutu. Unataka watoto wetu wakuwe wanamuziki wenye njaa?" Ni neno la kweli, na sitalizunguka. Kati ya vijana kumi watakaojaribu, pengine hakuna hata mumoja atakayeishi kwa muziki. Lakini match hazilishe mutu pia, na shimo lenyewe, munalijua kuliko mimi, linalisha leo na kesho linafunga kinywa. Kijana anayejua kupanga sauti iko na kitu cha kuuza hapa hapa: kwaya inayotaka kurekodi bila kulipa safari ya Bukavu, ndoa, matanga, tangazo la redio, sono ya kanisa. Ni feza kidogo, lakini ni kazi isiyoangukia mutu kichwani.

Kwa hiyo, kwa wale wanaouliza kama michezo ya kutengeneza muziki inawapendeza wachezaji wa kweli, nasema: vile iko, hapana. Ikipata mupinzani na watu wa kusikiliza, ndiyo, kwa wachache, na wale wachache wanatosha.

Mwenye nyumba atakayejaribu wa kwanza, kama dimanche ya kwanza amebaki na wawili tu, asivunjike moyo na asiwacheke. Awaongezee dakika kumi. Na afungue mulango, kusudi wanaopita barabarani wasikie.